Bustani ya hori Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mimea ya milimani na miambani

Hapa nyumbani Ipagala nina mahori sita yaliyopangwa upande wa mashariki wa nyumba, kila moja na mawe yake, na mimea midogo imebanana katikati ya mawe hayo. Wapita njia husimama getini wakauliza. Maswali huwa yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, na baadhi ya majibu hayo nimeyapata baada ya kupoteza mimea niliyoipenda.

Bustani ya hori ni kitu gani?

Ni hori kweli, lile la kulishia au kunyweshea mifugo, ila ndani limejazwa changarawe na udongo, likapandwa mimea midogo ya milimani au ya miambani. Mtindo huu ulishika kasi Uingereza kati ya miaka ya 1920 na 1930. Wakulima wa kule walishaanza kutumia mabirika ya bati, na yale ya kale yaliyochongwa kwa mawe yakabaki yametupwa uani. Clarence Elliott, mwenye kitalu cha Six Hills huko Stevenage, aliyaokota, akayapanda mimea ya milimani na kuyapeleka kwenye maonyesho ya maua. Tangu hapo mimea hiyo na hori vimekuwa kama chai na kikombe.

Faida yake ni kwamba mmea wenye kimo cha sentimita 5 unauona vizuri. Ukiupanda chini unapotea kwenye magugu, kuku wanaukanyaga. Ukiwa horini unainama kidogo tu na unaliona ua lote.

Mimea ya alpini ni ipi? Sisi Tanzania tunayo?

Jina limetoka kwenye milima ya Alps kule Ulaya, lakini siku hizi linahusu mimea yote inayoishi juu ya mpaka wa miti, mahali ambapo baridi na upepo haviruhusu mti wa kawaida kusimama. Sisi tunayo, na ya ajabu. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una mimea mikubwa iitwayo lobelia na seneshio, isiyopatikana kwenye milima ya Ulaya. Lobelia ya Kilimanjaro hufunga majani yake usiku kama mtu anayejifunika shuka, na maji yaliyotuama katikati ya majani huikinga chipukizi isigande.

Tofauti kubwa ni majira. Mmea wa Alps hulala miezi mingi chini ya theluji, kisha huchanua kwa wiki chache. Mmea wa Kilimanjaro hupata kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku, mwaka mzima.

Kwa hiyo naweza kupanda mimea hiyo ya alpini hapa Dodoma?

Mingi, hapana. Nasema hivyo mapema ili usipoteze fedha.

Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000, kwa hiyo mmea uliozoea mita 4,000 ukiletwa hapa umeongezewa joto la nyuzi 17 au zaidi. Mchana wa Oktoba na Novemba hufikia nyuzi 30 na kupita. Hilo la mchana mmea unaweza kulivumilia ukipata kivuli. Shida kubwa zaidi iko usiku. Mmea hujitengenezea chakula mchana kwa mwanga wa jua, na usiku huishi kwa akiba. Usiku ukiwa wa baridi, akiba inatumika kidogo kidogo. Usiku wetu wa Novemba wenye nyuzi 18 au 19 unaila akiba yote, na kesho yake mmea unaanza upya ukiwa na njaa. Baada ya wiki chache umekwisha, hata kama ulimwagiwa maji kwa uangalifu.

Niliwahi kununua mbegu za jentiana na saksifraga, mimea midogo ya alpini, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kwamba zinastahimili hali yoyote. Nilizisia Juni, zikaota vizuri, na Julai yenye usiku wa nyuzi 13 au 14 zilipendeza. Kufikia wiki ya pili ya Oktoba miche yote ilikuwa imelala, shingo laini kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Iliniuma sana.

Ila kushindwa huko kulinifungua macho. Siku chache baada ya mvua ya kwanza mwaka ule nilikwea mwamba ulio nyuma ya mtaa wetu. Pale juu kuna vibonde vidogo vyenye udongo wa kina cha vidole viwili tu, na ndani yake kulikuwa na mimea midogo iliyolala bapa juu ya jiwe, mingine ina maua meupe yenye zambarau. Ni jamii ya Craterostigma. Kiangazi chote hukauka na kujikunja kama majani ya chai, ungeapa imekufa, na mvua ikinyesha hufufuka kabla siku haijaisha. Udongo kiduchu, jua kali, upepo, jiwe linalowaka mchana na kupoa usiku: maisha ya mmea huo hayana tofauti kubwa na ya ndugu zake wa Alps, isipokuwa theluji. Nikaamua mahori yangu yatakuwa ya mimea ya miamba, ile inayojua ukame.

Basi nipande nini?

Wa kwanza ni waridi la jangwani, yaani Adenium. Shina lake hunenepa kama chupa, na maua ya waridi hutoka kabla ya majani. Horini mizizi yake hubanwa, mmea unabaki mdogo na shina linazidi kuvimba, unapata mti wa miaka mingi wenye kimo cha goti. Utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huutumia kutengenezea sumu ya mishale. Nawa mikono baada ya kuukata, na weka hori mbali na watoto wadogo na mbuzi.

Wa pili ni shubiri ndogondogo, zile zisizozidi kimo cha kiganja. Wa tatu ni ekeveria, zinazofanana na ua lililochongwa kwa nta. Hizi asili yake ni milima ya Meksiko, na kwangu zimekubali kuliko nilivyotarajia, mradi jua la alasiri lisizifikie. Wauza maua wa barabarani wanazo kwenye vifuko vya nailoni, wengi wanaziita sakulenti tu. Kalankoe, nayo ya majani manene, pia hukubali. Kwenye kingo panda potulaka, ile yenye maua ya rangi kali yanayofunguka jua likiwaka, iteremke ubavuni mwa hori.

Watu huniuliza sana kuhusu sempavivu, mmea mdogo wa majani manene kutoka milima ya Ulaya, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye picha za Ulaya. Kwangu imeishi kwa kusuasua. Ukiipata, iweke penye kivuli cha mchana na usiitegemee.

Na urujuani wa Usambara? Kweli ni mmea wa miambani, na ni wetu, ulitoka milima ya Tanga ukaenea duniani kote baada ya mwaka 1892. Lakini miamba yake ni ya msituni, yenye kivuli na ukungu. Mweke barazani kwenye chungu chake. Horini juani hamalizi siku mbili.

Hori nalipata wapi?

Hori langu la pili nilipewa na bibi wa jirani. Ni la gogo lililochongwa, alilokuwa akinyweshea ndama. “Chukua mjukuu wangu,” aliniambia, “ndama wa siku hizi wananywea ndoo.” Ukipata kama hilo shukuru Mungu, toboa matundu, kisha liinue juu ya mawe ili mchwa wasilifikie. Sinki la zamani la zege nalo linafaa.

Mengine nimeyatengeneza mwenyewe kwa saruji nyepesi. Kipimo ni sehemu moja ya saruji, moja ya mchanga na mbili za makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa. Makumbi hutoka Pwani, lakini wanaouza nazi sokoni hapa wakikujua watakuwekea maganda. Yaloweke usiku kucha kwanza, yakiwa makavu yatanyonya maji ya saruji na hori litapasuka.

Chukua maboksi mawili ya mbao, moja likae ndani ya lingine na kuacha nafasi ya sentimita 5 pande zote. Kwa hori lenye vipimo vya nje vya sentimita 60 kwa 40, na kimo cha 25, mfuko wa saruji wa kilo 50 unatosha mahori matatu. Changanya mpaka ukifinya konzi moja ishikamane na idondoshe matone mawili matatu tu ya maji. Vaa glavu, saruji inachoma ngozi. Shindilia sakafu ya hori kwanza, unene wa sentimita 5, ukiwa umesimamisha vipande vinne vya mti vyenye unene wa kidole gumba ili viache matundu. Laza kipande cha wavu wa banda la kuku katikati ya unene huo. Kisha weka boksi la ndani na ushindilie kuta kwa mpini wa mwiko wa fundi, kidogo kidogo, hasa kwenye pembe.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Upepo wetu wa Agosti na Septemba unakausha saruji kabla haijakomaa. Juu inaonekana ngumu, ndani ni unga. Funika hori kwa magunia, yamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 kamili, na liache kivulini wiki 3 zaidi kabla ya kulihamisha. Fundi mmoja niliyemlipa aliniachia hori juani siku ya pili, akasema limekauka. Nilipolijaza udongo ubavu mmoja uliachia wote.

Kabla ya kupanda, lijaze maji, yaache siku moja, yamwage, rudia mara kadhaa, maana chokaa ya saruji mbichi inaunguza mizizi. Na amua mapema litakaa wapi, kwa sababu likishajaa uzito wake hauko chini ya kilo 80.

Niweke kokoto chini ili maji yapite vizuri?

Hapana, ingawa karibu kila mtu atakuambia uweke. Jaribu hivi jikoni. Chukua sponji la kuoshea vyombo, lilowanishe mpaka likolee, lishike likiwa limelala bapa. Maji yatachuruzika kisha yataacha. Sasa lisimamishe wima bila kulifinya: yatachuruzika tena mengi. Sponji ni lile lile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao uko hivyo. Chini kabisa ya chombo kila mara hubaki tabaka lililolowa, na maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule ushibe kabisa. Ukiweka kokoto sentimita 8 chini umepunguza kimo cha udongo, na lile tabaka la tope umelipandisha juu karibu na mizizi.

Funika matundu kwa kipande cha wavu wa mbu ili udongo usitoroke, kisha jaza mchanganyiko mmoja kuanzia chini hadi juu.

Mchanganyiko wenyewe ni upi?

Sehemu mbili za changarawe, moja ya udongo mwekundu wa kawaida, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Hori la kipimo nilichotaja linakula lita 30, yaani ndoo kubwa moja na nusu.

Changarawe iwe ya kati ya milimita 3 na 6. Wanaoponda kokoto kando ya barabara huwa na marundo ya chenga zilizobaki, waulize, ndizo hizo. Zipepete kwa chekecheke, unga wake utupe. Mchanga wa korongoni nao unafaa ukioshwa mara tatu nne hadi maji yawe safi. Ukitaka kuupima, tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, subiri dakika 10. Maji yakibaki kama chai ya maziwa, bado.

Hori likae upande gani wa nyumba?

Mashariki, ukiweza. Vitabu vya Ulaya husisitiza kusini au kaskazini, lakini hapa ushauri huo haufanyi kazi. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya mwaka liko kaskazini, Desemba liko kusini, hivyo kuta zote mbili zina zamu yake ya kuchomwa. Pande zenye uhakika ni mashariki na magharibi tu, na magharibi ndiko kubaya. Weka kiganja ubavuni mwa hori linalopigwa na jua la saa tisa alasiri. Ukishindwa kukiacha hapo, mizizi iliyogusa ukuta huo kwa ndani nayo inaungua.

Liinue juu ya mawe manne. Upepo upite chini, maji yatoke, mchwa wakose daraja.

Nimwagilie mara ngapi?

Usihesabu siku, chomeka njiti ya mshikaki sentimita 10 ndani. Ikitoka na udongo umeganda, subiri. Ikitoka kavu, mwaga. Kwangu hiyo huwa kila wiki Oktoba na Novemba, na kila wiki mbili Juni na Julai. Waridi la jangwani likidondosha majani wakati wa baridi limepumzika, liache hata wiki tatu.

Ukimwaga, mwaga kwelikweli, lita 5 au 6, mpaka yatoke kwenye matundu yote. Sababu ni chumvi. Maji mengi ya bomba hapa mjini yanatoka visima vya Mzakwe, na ukoko mweupe ulio ndani ya birika lako la chai ndio unaojijenga pia kwenye udongo wa hori. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku chumvi inabaki, ncha za majani zinakuwa kahawia. Maji ya mvua ni bora. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba likipata milimita 10 linakupa karibu lita 500. Weka mtungi.

Na mvua zikianza?

Hapo ndipo mimea ya hori hufa zaidi, kuliko kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ni milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka mzima, lakini huja kwa kishindo. Inua mguu mmoja wa hori kwa sentimita 2 ili maji yasituame. Ekeveria zifunike kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga, pande zikiwa wazi. Shina likilainika na kunuka, kata siku hiyo hiyo mpaka ufike nyama safi isiyo na doa, paka unga wa mkaa, liache kivulini wiki nzima likauke kidonda, ndipo upande upya.

Zile kokoto za juu ni za urembo?

Ni za kazi. Tabaka la sentimita 2 linakinga shingo ya mmea isikae kwenye tope, linazuia matone ya mvua kurusha udongo, na linatunza ubaridi chini. Usiache kuziweka.

Mawe nayapangaje?

Zika theluthi moja ya kila jiwe, yote yalale upande mmoja kama yalivyo mlimani. Mmea ukae kwenye ufa kati ya mawe mawili. Mawe makubwa matatu yanatosha hori moja.

Mbolea ya dukani?

Haihitajiki. Mmea wa mwambani ukishibishwa unanenepa, unalainika na kuoza. Samadi ya mwanzo inatosha miaka miwili.

Wadudu na kuku?

Kuku wanapekua kokoto, kwa hiyo weka mawe makubwa kidogo kwenye nafasi zilizo wazi mpaka mimea ishike. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, hujificha kwapani mwa majani. Mimi huwatoa kwa njiti yenye pamba iliyochovywa spiriti, mmoja mmoja, jioni. Inachosha, ila ukipuliza dawa bila kuwafikia kule ndani, wiki ijayo wamerudi.

Naweza kwenda kung'oa mimea mlimani?

Naomba usifanye hivyo. Ndani ya hifadhi za taifa sheria inakataza kuchukua mmea. Shubiri zote, isipokuwa ile Aloe vera ya kawaida, zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake ya nje inadhibitiwa. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya okidi zake kuchimbwa kwa wingi na mizizi kuuzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Mmea wa mwambani umekaa miaka mingi kwenye ufa ule mmoja, na ukiung'oa mizizi hukatika ndani ya jiwe, kwa hiyo hata nyumbani haufiki salama.

Omba kipandikizi kwa mwenye nao, au chukua mbegu. Waridi la jangwani la jirani likizaa utaona maganda mawili yaliyounganika kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, la sivyo upepo unazichukua zote, kwa sababu kila mbegu ina nywele za hariri pande zote mbili. Zilaze juu ya mchanga uliooshwa, zifukie kidogo tu, weka kivulini penye joto. Zikiwa mbichi huota ndani ya wiki moja hivi, na tangu siku zinapochomoza zinakuwa na tumbo dogo lililovimba juu ya mzizi. Tumbo hilo likifikia unene wa kidole gumba, mche uko tayari kuhamia horini.